Kibofu Kimetulia, Nami Sina Pa Kukimbilia

Sifaeli Mbise,
Poli, Meru.

Kwa Daktari Lilian,
Mkuu wa Utafiti wa Dawa ya Kibofu ya Kupaka,
Themi, Arusha.

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

YAH: KUOMBA DAWA YENU IPUNGUZWE NGUVU

Natumaini u mzima, na wenzako wa maabara pia. Mimi ni yule mzee wa kahawa na migomba uliyemwandikisha kwenye majaribio kwa sababu kibofu kilikuwa hakimwachi akae. Nimeipaka dawa mkononi kila asubuhi kama mlivyoagiza, na kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba inafanya kazi.

Sina ugomvi na elimu yenu. Ulinieleza vizuri kwamba dawa mmeiyeyusha katika matone ya mafuta yaliyotawanywa majini, kama mafuta yalivyo ndani ya maziwa, ila haya ni madogo mno hata jicho haliyaoni, ndiyo maana yanapenya ngozi. Nanoemalsheni, ulisema. Neno hilo nimelifundisha ukoo mzima. Lakini hakuna aliyeniuliza kibofu kibovu kilikuwa kinanisaidia nini. Sasa nasema.

1. Vidonge vya zamani vilinikausha mdomo, na mwalimu wa kwaya akanisamehe kuimba kwa huruma. Dawa hii inapita kwenye ngozi, haikaushi kitu. Basi naimba besi kila Alhamisi, na noti sijui hata moja.

2. Mnada wa sadaka baada ya ibada. Miaka yote, mzee wa kanisa akiinua jogoo wa kwanza, mimi nilikuwa nimeshashika njia ya chooni na watu wananipisha. Sasa nasimama pale kama wengine, na mnadi ananiita kwa jina. Jumapili iliyopita nilinunua mkungu wa ndizi. Ulikuwa mkungu wangu mwenyewe, niliouleta sadaka asubuhi. Mke wangu Magreth alicheka mpaka tukafika nyumbani.

3. Kikao cha ukoo. Zamani mgogoro wa mpaka ukichacha nilitoka, nikirudi wameshaelewana au wameshachoka. Safari hii nilikaa kimya mwanzo mpaka mwisho. Wakadhani ni busara, wakanichagua mwenyekiti. Sasa binamu yangu Eliasi na mdogo wake wananifuata hata nikiwa napalilia kahawa, na kila mmoja anataka nimwambie mwenzake kwamba ni mwongo.

4. Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Magreth amegundua kwamba naweza kusikiliza habari mpaka mwisho. Ameanza kunisimulia zile za mwaka tuliooana, ambazo anasema niliziacha katikati.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, muyakuze hayo matone kidogo. Si lazima yashindwe kabisa kupenya. Yakwame tu wakati wa mnada, na siku ya kikao yakwame zaidi. Kama mmeweza kuyapunguza, kuyakuza hakuwezi kuwashinda. Ikishindikana, nipeni cheti chenye mhuri kwamba bado naumwa. Msiponijibu nitajitoa kwenye utafiti na kuifukia tyubu hii chini ya mgomba, na mgomba utajijua wenyewe.

Msalimie Godbless anayetupima, mama anayetuchemshia chai, na wagonjwa wenzangu wote, hasa wale ambao dawa bado haijawakolea. Waambie nawaonea wivu.

Wako katika kukaa kitako,
Sifaeli Mbise

N.B. Mjukuu wangu Brightness anapata kipaimara Jumapili ijayo. Kaka zake walipopata chao, mimi nilikuwa chooni nyuma ya kanisa, nikisikia majina yao yakitajwa kupitia ukuta. Hakuna aliyenilaumu, ila iliniuma sana. Huyu nimemwahidi nitakaa benchi la pili, na ameshanichagulia tai. Dawa iliyobaki kwenye tyubu yangu haitafika Jumapili. Tafadhali mpe Godbless nyingine ailete upesi, na matone yabaki madogo vilevile. Jogoo nitamnunua.