Mistari Minane ya Njoroge wa Kilburn

Sogezeni viti, enyi wenye masikio! Zimeni televisheni, na mwenye kikombe cha chai mkononi akiweke chini asije akajimwagia, kwa maana habari ninayoileta ni nzito. Ni habari za Njoroge wa Kilburn, mshika usukani wa basi jekundu la ghorofa mbili jijini Landani, mwanamume mwenye mabega mapana kama mlango wa kabati, aliyeingia vitani siku ya Krismasi bila mkuki wala ngao, akiwa na sindano moja ya kroshia, ya plastiki, ya rangi ya waridi. Msimulizi mwingine angewaambia kwamba alipambana na mistari mia. Mimi sitawadanganya. Ilikuwa minane. Lakini minane ile, jamani!

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Jumamosi kabla ya Krismasi, Jedidah mkewe, fundi wa nyuzi asiye na mpinzani kutoka Kilburn hadi Tottenham, aliteleza kwenye barafu nje ya jengo lao, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitalini wakamfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Akarudi nyumbani, akaketi kwenye kochi, akalitazama blanketi jeupe la sufu lililolala kikapuni, ambalo lilikuwa limebakiza mistari minane tu likamilike.

Na blanketi lile halikuwa la hivi hivi. Mwana wao Tevin alikuwa amepata binti mwezi wa kumi, na kwa desturi ya Wakikuyu binti yule wa kwanza alipewa jina la mama wa baba yake. Naam, Jedidah wa pili alikuwa amekuja duniani, mwenye kilo tano na sauti ya king'ora, na Jumapili ya mwisho ya mwaka angepelekwa mbele ya kanisa kuombewa, akiwa amefunikwa kazi ya mikono ya wajina wake.

Tevin alipopigiwa simu alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mablanketi yamejaa madukani na Mama asijisumbue. Jedidah akasema sawa, akakata simu, akaenda jikoni, akasimama akiitazama birika ambayo hakuiwasha. Njoroge, aliyekuwa sebuleni, akamsikia akivuta kamasi.

Sasa, ili historia isimpendelee mtu, yafaa ijulikane kwamba shujaa wetu alikuwa amevicheka vitambaa vya mkewe kwa miaka thelathini na mmoja. "Mama Tevin," alizoea kusema, "umefunika redio, umefunika kochi, umefunika hata rimoti. Siku moja nitaamka na mimi nimefunikwa." Lakini ile sauti ya kamasi ilimpenya, ikakaa ndani yake siku nne, akaendesha nayo basi mpaka mkesha wa Krismasi.

Krismasi ilipofika, siku ambayo mabasi ya Landani hulala na madereva wake hukaa na watu wao, Njoroge alikula pilau, akanawa mikono, akasimama katikati ya zulia, akajikohoza na kunena:

"Mama Tevin, mke wa ujana wangu! Nimeendesha chombo cha tani kumi na mbili kwenye mvua, kwenye theluji, na siku ya mpira kule Wembley. Je, uzi ndio utakaonishinda? Nipe sindano hiyo! Kabla ya taarifa ya habari blanketi hili litakuwa limekwisha."

Jedidah akamtazama toka kichwani hadi kwenye ndara. "Baba Tevin, wewe hata kifungo cha shati nakushonea mimi."

"Hayo yalikuwa ya zamani."

"Yalikuwa ya wiki iliyopita."

Hata hivyo akamwonyesha kwa mkono wa kushoto: ingiza sindano, zungusha uzi, vuta, zungusha tena, vuta. Mishono mia na ishirini kila mstari, isizidi wala isipungue. Ndipo mapambano yakaanza. Njoroge aliikamata sindano kama mtu anayemzuia mwizi. Alitoa ulimi nje. Alitokwa na jasho katika mwezi wa kumi na mbili, akavua sweta, kisha akafungua dirisha. Uzi ulimzingira kidole gumba cha mguu, akajinasua. Sindano ilianguka chini ya kochi, akaifuata kwa tumbo. Na baada ya saa tatu akaliinua blanketi juu kama bendera ya taifa lililoshinda, mistari mitatu ikiwa imekamilika.

Ole wake! Upande wake wa blanketi ulikuwa umejikunja kama bakuli, na pembeni ulikuwa umechongoka kama kipande cha keki.

Jedidah alihesabu polepole, akigusa kila mshono kwa kidole. "Mia na kumi na saba. Mitatu imeenda wapi?"

"Huenda ilikuwa mia na kumi na saba tangu mwanzo."

"Fumua."

"Nifumue?" Njoroge akasimama tena. "Jasho la mchana mzima? Mke wangu, tazama vidole hivi vilivyovimba! Je, atokapo mtu vitani huambiwa arudi akafufue adui aliowaua?"

"Fumua, Baba Tevin."

Akaushika uzi, akavuta. Kazi ya saa tatu ikaisha kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Akaketi. Mabega yale yote yalikuwa yameshuka. "Labda Tevin amesema kweli," akasema. "Kesho kutwa twende dukani tununue moja."

Alitegemea kufokewa, lakini Jedidah hakufoka. Alikuwa akiupangusa uzi uliofumuka kwenye goti lake. "Mimi ni wa saba kwetu," akasema. "Kila nilichovaa nilipokuwa mtoto kilikuwa kimeshavaliwa na wengine. Sweta, soksi, kila kitu. Nilitaka huyu mwenye jina langu awe na kitu kimoja kilichotengenezwa mtu akimwaza yeye tu. Huo ndio ukaidi wangu wote, hakuna mwingine."

Njoroge hakutoa hotuba. Aliinuka, akachukua kigoda cha jikoni, akakiweka miguuni pa mkewe, akakikalia, magoti yakamfika kidevuni. "Basi nifundishe tena," akasema. "Nifundishe kama mtu asiyejua kitu."

"Ndivyo ulivyo," akasema Jedidah, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akatabasamu.

Siku ya pili yake wakaanza upya. "Unaunyonga uzi," Jedidah alimwambia. "Ulegeze. Shika sindano kama unamlisha mtoto uji." Akalegeza, na blanketi likaacha kujikunja. Lakini mstari wa kwanza ulipoisha, mshono mmoja haukuonekana, na mstari wa pili ukala mwingine. Wakafumua. Ndipo Jedidah akauegemeza mkono wa plasta juu ya mto, akainama, akamchunguza kama askari wa barabarani hadi ukingoni, akapiga kelele:

"Mshono wa mwisho! Kila mstari unageuka kabla hujafika mshono wa mwisho! Wewe, dereva wa miaka ishirini na miwili, huwa unageuza basi kabla ya kituo cha mwisho, watu wakiwa bado ndani?"

"Kamwe!" akasema Njoroge, na uso wake ukabadilika. Kumbe lilikuwa jambo analolijua! Tangu saa ile alifuma kwa njia yake ya kila siku, kituo kwa kituo: hapa Brondesbury, hapa Kilburn High Road, hapa Maida Vale, taratibu, bila kumruka mtu, na kila alipofika ukingoni alitangaza kwa sauti ya kazini, "Mwisho wa safari, shukeni wote!" kisha akafuma mshono ule. Jedidah alicheka mpaka akamwomba auhurumie mkono wake wa plasta. Wakahesabu: mia na ishirini. Wakahesabu tena, kwa kuwa hawakuamini.

Jumamosi alasiri, uzi wa mwisho ulikatwa na ncha yake ikafichwa. Ukingo mmoja ulikuwa na mawimbi kidogo. Jedidah aliupapasa, akafungua kinywa, akakifunga, akasema, "Limekwisha." Njoroge akaenda chooni akakaa huko muda mrefu, akatoka macho mekundu.

Siku iliyofuata, katika ukumbi wa kanisa kule Tottenham, Jedidah mdogo alifunikwa na kuombewa, naye akalala usingizi kwa dakika kumi na nne mfululizo, jambo ambalo wazazi wake hawakuwahi kuliona mchana. Kisha Jedidah mkubwa akaomba kusema neno. "Mistari minane ya ukingoni," akasema, "ameifuma mume wangu." Kina mama wakapiga vigelegele. Kina baba wakacheka mpaka mchungaji akainua mkono. Njoroge akapunga kama rais anayeondoka uwanja wa ndege, masikio yakimwaka moto.

Wakati wa chai, Samson, mpanga viti wa kanisa, jitu la futi sita linalobeba meza mbili kwa mkono mmoja, alimsogelea pembeni karibu na makoti. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mzee," akanong'ona, "hiyo sindano ni namba ngapi?"

Njoroge hakucheka. Alifungua zipu ya koti taratibu, akatoa kwenye mfuko wa ndani kitu cheupe chenye umbo la kiazi, sindano ikiwa bado imechomekwa ndani yake.

"Nne," akasema. "Hii ni soksi. Keti nikuonyeshe."

Iandikwe basi, na watakaokuja baadaye waambiwe: kwamba katika Jumapili ya mwisho ya mwaka, baina ya makoti yaliyolowa na sahani ya mandazi, wanaume wawili wazima waliinamisha vichwa juu ya soksi moja isiyozidi kidole, wala hakuna aliyethubutu kuwacheka.