Ombi la Masahihisho Kuhusu Divai Isiyo na Kilevi na Rangi ya Mlango

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mapishi,

Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa tumbo lisilo na furaha. Mimi ni msahihishaji wa prufu niliyestaafu, na ni msomaji wako wa miaka ishirini na sita. Katika muda huo wote sijakuandikia hata mstari mmoja, ingawa sababu ulinipa nyingi. Nilivumilia ulipoagiza kitunguu kikaangwe "mpaka kicheke". Nilivumilia picha ya supu iliyochapwa juu chini. Niligeuza gazeti mwenyewe, nikanyamaza. Lakini makala yako ya wiki saba zilizopita, yale ya kuoanisha divai isiyo na kilevi na chakula, pamoja na jedwali lake la rangi nne, yamenifikisha mahali ambapo kunyamaza kungekuwa uzembe. Nala peke yangu.

Nijieleze, usije ukadhani ni mzee mwenye gazeti na muda mwingi tu. Naishi ghorofa ya nne na dada yangu mkubwa, aliyekuwa mkunga. Yeye ana miaka sabini na tisa, mimi sabini na minne. Kwetu tulitoka pamoja miaka sitini na miwili iliyopita, na hatujarudi kwa sababu hapana pa kurudi: nyumba ilibomolewa, barabara ikapita juu yake. Huku ugenini kila mmoja alipata kazi, akapata mwenzi, akamzika. Kisha tukarudiana, na huu ni mwaka wa kumi na tisa tunakula meza moja. Wengine wote wa nyumba ile wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo watu wanaoikumbuka duniani ni wawili, na tangu wiki mbili zilizopita wawili hao hawaketi pamoja. Dada huchukua sahani yake na glasi yake, akateremka kula kwa fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Naomba umrudishe. Wewe ndiye uliyemwondoa, basi si haki kazi hiyo niachiwe mimi.

Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo.

1. Kabla ya makala yako tulikuwa tunakunywa maji. Maji, Ndugu Mhariri, hayana ubishi. Yanakwenda na kila chakula, na hakuna aliyewahi kuyachorea jedwali. Dada yangu hajaonja kileo maishani mwake, na aliposoma "isiyo na kilevi" alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akaniambia, "Mdogo wangu, kumbe walikuwa wanatuficha. Chakula kina mwenzake!" Akalichana jedwali na kulibandika kwenye friji kwa plasta ya vidonda. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na chemsha bongo niliyokuwa nimeijaza nusu. Sitadai fidia kwa hilo.

2. Ulipaswa kujua unawaandikia watu gani. Mkunga akipewa jedwali halijadili, hulifuata; hivyo ndivyo watoto walivyozaliwa salama. Nami miaka thelathini na minane nililipwa ili kilichoandikwa kiwe kama kilivyoandikwa. Kwa hiyo tulilitii. Jumanne jedwali lilitaka samaki kwa divai nyeupe. Divai ilipatikana, samaki hakupatikana. Nilipendekeza tule mayai. Dada aliangalia jedwali kwenye friji kutoka juu mpaka chini, akasema mayai hayamo. Tulikunywa divai nyeupe huku tukiutazama mkate.

3. Uliandika kwamba divai nyeupe inywewe ikiwa na nyuzi nane. Hukuandika "takriban". Dada anacho kipimajoto cha maji ya kuogeshea watoto, alichostaafu nacho, akakitumbukiza kwenye glasi, akashika saa. Nyuzi kumi na moja. Akairudisha kwenye friji. Nyuzi tisa na nusu. Akairudisha. Ilipotimia nane, kuku alikuwa amepoa kuliko divai.

4. Umedai kwamba divai ikiondolewa kilevi hupungukiwa na uzito, na kwa sababu hiyo ipewe vyakula vyepesi isije ikazidiwa. Sina ugomvi na sayansi yako. Nilionja, na ni kweli: kwanza utamu, halafu ukakasi kidogo kwenye fizi, halafu inaondoka bila kuaga. Lakini matokeo ya aya hiyo ni kwamba maharage yamefukuzwa nyumbani kwangu. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa nilikula maharage bila kuomba ruhusa ya zabibu. Sasa naambiwa yanaionea divai. Sijawahi kuona mgeni akiingia nyumba ya watu, na siku ya pili mwenyeji akaambiwa apunguze uzito.

5. Haya yote ningeyameza. Lakini pale chini ya jedwali, ndani ya kisanduku cha kijivu, uliandika hivi: "Kabla ya kunywa, kila aliyeketi mezani anuse glasi yake na aseme inamkumbusha nini. Asisahihishwe."

Hapa, ndugu yangu, ndipo uliponichoma.

Mezani petu palikuwa na utaratibu. Hatuzungumzii kwetu. Hakuna aliyeuandika, ulijiweka wenyewe jioni ya kwanza tuliporudiana, kwa sababu tulijaribu na chakula kikabaki kwenye sahani kama kilivyopakuliwa. Tangu hapo tulizungumzia magoti, majirani, na bei ya kabichi. Amani tupu. Kisha likaja agizo lako. Dada akanusa divai nyekundu, akafumba macho, akasema, "Begi la baba. Lile la ngozi, likinyeshewa." Nikapigwa na butwaa, maana begi hilo mimi nilikuwa nimelisahau. Wiki iliyofuata akanusa ile ya rangi ya waridi, akasema ni sabuni ya mama, ile aliyoikata kwa uzi. Wiki ya tatu ilikuwa vumbi la uani matone ya kwanza ya mvua yakiliangukia. Nakiri kwamba niliacha uma na kusikiliza. Nakiri pia kwamba siku hizo chakula hakikubaki, ingawa hilo si sehemu ya malalamiko na nisingependa ulichape.

Wiki ya tano palikuwa na viazi na kabichi, divai nyeupe, nyuzi nane. Dada akanusa. Akasema, "Mlango wa jikoni. Ule wa kijani, siku baba alipoupaka rangi."

Nikasema, "Wa buluu."

Maneno mawili, Ndugu Mhariri. Sikuinua sauti. Niliyasema kama ambavyo mtu hupangusa chembe ya mkate mezani. Dada akafumbua macho. Akaniuliza, "Wewe ulikuwepo?" Nikamwambia nilikuwepo, nilikuwa na miaka sita, niliugusa ukiwa mbichi na nikachapwa. "Ulichapwa kwa kumwaga maziwa," akasema. "Rangi niliigusa mimi, na mimi sikuchapwa, kwa sababu mimi sikukimbia." Nikamwambia kijani kilikuwa cha jirani. Akasema, "Mtoto wa mwisho anamfundisha wa kwanza! Ulikuwa unabebwa mgongoni kwangu wewe, ulikuwa unaona kisogo tu." Kisha akanyoosha kidole kwenye friji. Imeandikwa asisahihishwe. Nikajibu kwamba mhariri wa mapishi hana mamlaka juu ya mlango wa mama yetu. Akasimama, akachukua sahani, akachukua glasi, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa aliufunga mlango kwa mguu.

6. Fundi cherehani. Sina ubaya naye, ni kijana mwema wa miaka hamsini na tano. Lakini alizaliwa mtaa huu, kwetu hajafika hata kwa ndoto, na kwa sababu hiyo hana pingamizi na jambo lolote. Dada akimwambia mlango ulikuwa wa kijani, yeye huuliza, "Kijani cha namna gani, Mama Mkunga?" na kumtolea vipande vya vitambaa achague. Wamechagua. Nimekiona, kimebanwa kwa pini juu ya cherehani: kijani cha ganda la chungwa bichi. Yaani kosa sasa lina mchoro. Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kupiga chapa, najua kosa likishapata mchoro halitoki tena.

Nikifungua dirisha la ngazi nawasikia wakicheka. Juzi fundi alinikuta kwenye ngazi na kuniambia, "Mzee, shuka basi. Leo kuna samaki na ile ya mapovu. Mama Mkunga anasema mapovu ni mtungi wenu ukijazwa." Nikamwambia asante, nimeshakula. Nilikuwa sijala. Na mtungi wetu ulikuwa unatoa sauti hiyo kweli.

7. Sasa pima uzito wa jambo hili. Nikikubali kijani, nimekubali kwamba baba alinunua rangi ya kijani. Akinunua ya kijani, basi yale madirisha aliyoyapaka kwa mabaki ya kopo nayo ni ya kijani. Madirisha yakiwa ya kijani, ile nyumba ninayoiona nikifumba macho ni ya watu wengine. Kesho kisima kitahamia upande wa pili wa ua. Kesho kutwa mama atakuwa mrefu. Na mimi, niliyejipatia riziki kwa kutoacha hata nukta ipotee, nitakuwa nimelinda vitabu vya watu wote na nyumba yetu nimeiacha ichapwe na makosa. Yote haya, Ndugu Mhariri, kwa kinywaji ambacho hata hakileweshi. Angekuwa amelewa ningesubiri kuche.

Kwa hiyo naomba toleo la Jumamosi lichape masahihisho yafuatayo, mahali pa wazi. Kwanza, kwamba baada ya uchunguzi zaidi imebainika kuwa divai isiyo na kilevi haiendani na chakula chochote, au inaendana na vyote, vyovyote iwavyo ni sawa na maji. Pili, kwamba agizo la kutomsahihisha mtu mezani lilikuwa la kuonja tu, wala halihusu mambo yaliyokwisha kutokea. Tatu, kwamba mlango wa jikoni wa nyumba iliyokuwa ya pili kutoka kona, iliyobomolewa, ulikuwa wa buluu. Nafasi ya sentimita tatu inatosha. Naambatisha ramani ya nyumba niliyoichora kwa rula, kila hatua moja sawa na sentimita moja, na mlango nimeuwekea alama. Ukiwa na shaka na vipimo, tafadhali uniulize mimi, usimuulize dada.

Nifikishie salamu kwa wote hapo ofisini: kwa wapiga chapa, kwa mchoraji wa majedwali ambaye mkono wake ni mzuri hata kama kazi yake imeniumiza, kwa wapishi wanaokujaribia mapishi, na kwa msahihishaji wenu, ambaye naamini ataisoma barua hii kabla yako. Mwambie koma zangu ziko mahali pake. Wasalimu na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na wale wanaokaa nawe mezani uwasalimu kwa mkono.

Nabaki mwenye kusubiri toleo la Jumamosi,

Msahihishaji mstaafu,
Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto.

Nyongeza: Nilipomaliza kutia sahihi nilifungua chupa iliyobaki, nikitaka kukuandikia kwa hakika ina harufu gani, ili ushahidi ukamilike. Nimepima, nyuzi nane. Nimenusa mara tatu, mara ya mwisho nimefumba macho kama afanyavyo yeye. Inanuka zabibu. Hakuna begi, hakuna sabuni, hakuna uani. Nimekaa hapa kwa robo saa na glasi nzima na sikupata hata kitasa.

Tafadhali futa masahihisho yote matatu. Badala yake chapa kwamba mlango ulikuwa wa kijani. Ulikuwa wa buluu, na katika miaka thelathini na minane sijapata kuomba kosa liingie kwenye ukurasa. Hili naliomba, kwa maandishi, na jukumu ni langu. Uliweke juu kabisa, kwa herufi nene, maana Jumamosi gazeti huanza kusoma yeye. Msahihishaji wenu akiliona asiliguse. Samaki nimeshaagiza wa watu watatu, kwa sababu fundi naye itabidi apande.