Hosipawa Tano kwa Kabati Moja

Jumatatu, 14 Julai

Inatangazwa rasmi kwa kaya yote, majirani na mifugo: leo saa kumi na dakika ishirini jioni, banda la mbuzi limepandishwa hadhi na kuwa karakana. Hafla imehudhuriwa na mimi. Mbuzi amehamishiwa nyuma ya jiko. Amepinga. Hoja zake zimesikilizwa.

Chanzo ni kikao cha jana cha kamati ya send-off, sherehe ya kumuaga binti yetu Eva kabla ya ndoa. Mwenyekiti ni shemeji Ferista, dada wa mke wangu. Alipofika kwenye kipengele cha kabati la vyombo, nikasimama. Nikasema kabati lifutwe kwenye orodha ya vitu vya kununua, baba wa binti yupo, mikono anayo. Makofi! Eva alifuta machozi. Tumpe, mke wangu kwa miaka ishirini na saba sasa, hakupiga makofi. Aliniangalia kama anavyoangalia maziwa yaliyo jikoni.

Send-off ni Jumamosi ya tarehe 26. Wakwe wanatoka Itumba, na Eva ameshawapigia simu kuwaambia kabati anatengeneza baba. Kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Meza ya msumeno ipo, ya chuma, imechomelewa vizuri. Bledi ipo, inchi kumi. Mbao zipo. Kimebaki kitu kimoja kidogo. Mota.

Jumanne, 15 Julai

Nimepita kwa Aida, fundi wa mota hapa Mlowo, ana kibanda karibu na soko. Alisoma darasa moja na Eva. Sasa watu wanamletea mota mpaka kutoka Itaka. Kanihoji kama daktari. Mbao gani? Paina kwa mwili wa kabati, mninga kwa miguu. Unene? Paina inchi moja, mninga inchi mbili. Bledi? Kumi. Umeme wa nyumbani? Huu wa kawaida. Hakuinua hata kichwa kwenye koili aliyokuwa anaisuka. Akasema nguvu ya hosipawa mbili, ya umeme wa nyumbani, basi. Itakata mpaka nichoke mimi.

Nikamwuliza kama mbili si kidogo.

"Baba Eva, unakata kabati, hukati daraja."

Nikashukuru, nikaondoka. Mbili! Mbili ndiyo aliyonayo Lusajo, jirani yangu, seremala wa kujifundisha mwenyewe, ambaye msumeno wake unaimba ng'ambo ya ua tangu Pasaka. Mtu anamhamisha mbuzi wake ili alingane na Lusajo?

Jumatano, 16 Julai

Lusajo amekuja kuazima jembe. Amepewa jembe, hakuondoka. Kazunguka karakana, kaigonga meza, kasifu. Kisha akauliza nitafunga mota ya ngapi. Nilikusudia kusema bado natafakari. Mdomo ukasema tano.

Akaegemea jembe.

"Tano," akasema. "Utasaga na mahindi humo?"

Nikacheka cheko la mtu mwenye tano. Basi imeshakuwa tano. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mtunza kumbukumbu wa ofisi ya serikali, hawezi kushuka kutoka tano hadi mbili mbele ya mtu aliyeshika jembe lake.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeomba ruhusa ofisini. Sababu nimeandika "ufuatiliaji". Nimekwenda Tunduma.

Malori yamepangana kuelekea mpakani kama kawaida, madereva wanakunywa chai kwenye vivuli vya matairi yao. Nimeelekezwa kwa Abdulwahab, muuza mota zilizotumika, mtu wa Tanga, mpole, kanzu safi kabisa katikati ya grisi. Kanikaribisha kahawa. Nimemweleza kabati. Akanionyesha mota ndogo ya buluu, ya mbili. Nikaipita kama mtu anayempita mdai wake. Nyuma yake ilikuwepo ya kijani, ya tano, uzito wa ndama. Nikaigonga. Ikatoa sauti nzito, ya heshima.

Abdulwahab akauliza umeme wangu una fezi ngapi. Sikujua zinaweza kuwa ngapi. Nikajibu, zote.

Akaniongezea kahawa. Akasema taratibu, kwa adabu, kwamba nyumba nyingi zina fezi moja, yaani waya mmoja unaoleta moto, na hii ya kijani ni ya fezi tatu, ya viwandani.

"Mzee wangu, mota haiji na nguvu. Inakuja na njaa. Nguvu ni ile uliyonayo nyumbani kwako."

Msemo mzuri. Nimeuandika. Nimenunua ya kijani. Akasema ikinishinda niirudishe ndani ya wiki mbili, atanibadilishia. Watu wa pwani wana huruma.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi nimefunga mota. Mkanda umekaa, puli imekaa. Nilihakikisha Lusajo yuko uani kwake, kisha nikawasha.

Mota ikanguruma. Haikuzunguka. Ilinguruma tu, kama kwaya ya wanaume waliosahau maneno. Taa ya jikoni ikawa ya njano. Tumpe akauliza kutoka ndani kama ni nyuki. Kisha swichi kubwa ikaruka, nyumba nzima kimya.

Lusajo akauliza juu ya ua kama imewaka. Nikamwambia naipasha moto kwanza, hizi kubwa haziwashwi kwa pupa. Akasema anaelewa. Sikupenda alivyoelewa.

Jumatatu, 21 Julai

Wazo! Limenijia ofisini nikiwa napanga majalada. Injini za kusagia za zamani ziliwashwa kwa kamba. Mota ikishindwa kuanza yenyewe, si isaidiwe?

Jioni nimezungusha kamba kwenye puli. Tumpe nimemweka kwenye swichi, amekubali kwa masharti ambayo sitayaandika. Nikahesabu mpaka tatu, yeye akawasha, mimi nikavuta. Ikazunguka! Sauti ilijaa mtaa. Redio ya Lusajo ilizimwa, naamini ili asikilize vizuri.

Nikasukuma ubao wa paina. Sasa, mota hii ina tabia moja: inazunguka kuelekea kokote ulikoivutia. Mimi nilikuwa nimevuta kinyume. Meno badala ya kushuka yakapanda. Ubao ukanyanyuliwa mikononi mwangu, ukaenda zake mbele, ukavuka ua.

Baada ya dakika tano Lusajo akaja nao mlangoni, ameupangusa udongo wa matuta ya viazi. Akauliza kama nimeanza kupelekea watu mizigo.

Jumanne, 22 Julai

Nimevuta upande sahihi. Inakata! Paina ya inchi moja inapita, ukiwa na subira. Rafu zote nne tayari, milango miwili tayari.

Mninga inakataa. Ikigusa inchi mbili tu, mota inashuka sauti, inasimama, inaanza kunguruma. Unazima, unatoa ubao, unazungusha kamba, unamwita Tumpe. Mguu mmoja wa kabati umetugharimu kuwasha mara kumi na moja. Tumpe amesema alipokuwa anaolewa hakuambiwa habari za kamba.

Jumatano, 23 Julai

Nimempelekea Aida picha ya mota kwenye simu. Nimesema ni ya rafiki yangu.

Ameikuza picha, ameangalia kibati cha maelezo ya mota, ameguna. Ameeleza kwamba mota ya fezi tatu ukiilisha fezi moja haianzi mpaka uisukume, na hata ikianza inatoa kama nusu ya nguvu yake. Nikamwuliza nusu ya tano ni ngapi, maana nilitaka aseme yeye. Akasema mbili na kitu, ikimheshimu mwenyewe. Dawa ni kuibadilisha kwa ya mbili ya umeme wa nyumbani, ambayo itatoa mbili zake zote. Na huyo rafiki asiiache kamwe ikinguruma bila kuzunguka, koili zitaungua.

Nikasema nitamfikishia.

"Msalimie. Na mwambie mama Eva asimame mbali na hiyo kamba."

Abdulwahab angenibadilishia. Kesho asubuhi ningekuwa Tunduma, mchana nimefunga, jioni mninga imekatwa. Nimelifikiria hilo kwa uaminifu wote. Lakini kuiingiza ile ya buluu getini, mchana kweupe, Lusajo akiwa anapalilia?

Miguu imebaki mitatu. Tutavuta kamba.

Alhamisi, 24 Julai

Mguu wa pili umekatwa. Kuwasha mara tisa. Tunaimarika.

Ferista amepiga simu kuuliza kabati limefikia wapi, kwa sababu mshereheshaji anataka kuliandikia maneno. Nikasema liko hatua za mwisho. Eva amewasili na begi lake. Amechungulia karakana, ameshika mlango mmoja wa kabati kwa vidole kama mtu anayeshika shavu la mtoto.

Ijumaa, 25 Julai

Kabati limekamilika saa moja jioni. Mota imepumzishwa. Njia zilizotumika ni za kitaalamu. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 26 Julai

Send-off imefana. Kabati limepokelewa kwa vigelegele. Hotuba yangu ilikuwa fupi. Nimechoka. Maelezo kesho.

Jumapili, 27 Julai

Nimetoka kanisani. Shajara ya mtunza kumbukumbu isipokuwa na kumbukumbu za kweli ni aibu ya kitaaluma. Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa saa nne asubuhi nilivuta kamba, mota haikushika, ikabaki inanguruma. Simu ikaita. Ferista tena: kabati lina rangi gani, ili vitambaa vya ukumbini vilandane? Nikatoka nje kumweleza rangi. Niliieleza vizuri sana, kwa mifano. Nilikuwa nimesahau kuzima. Niliporudi karakana ilikuwa imejaa moshi wenye harufu ya plastiki, na mota ya kijani ilikuwa kimya, moto kiasi cha kukaangia yai. Miguu miwili ipo. Miwili haipo. Wakwe wa Itumba wanafika kesho yake mchana.

Nilikaa chini juu ya kipande cha mninga. Hakuna mpango mwingine ulionijia, na mimi huwa nakuwa na mipango. Eva akanikuta hapo. Nikaanza kumweleza kuhusu fezi. Akaniacha nifike katikati.

"Baba, mimi sihitaji hosipawa. Nahitaji pa kuweka sahani."

Kisha akaenda kwenye ua, akaita, baba mdogo, hodi. Wala hakuniuliza.

Lusajo alikuja, akabeba mninga begani, mimi nikamfuata nyuma na jembe langu, lile aliloazima na kulirudisha, sijui kwa nini nilibeba jembe. Akawasha mota yake kwa kidole kimoja. Mbili. Ikapita kwenye inchi mbili za mninga bila kubadilisha sauti. Miguu yote miwili, dakika sita. Mimi nilishika ncha ya ubao. Nilitegemea aseme neno. Nilikuwa nimemwandalia majibu matatu. Alininyooshea tu kipimo nihakikishe mwenyewe, kama fundi mwenzake. Halafu akaja kwangu, tukaunganisha pamoja, na rangi akapaka yeye upande wa nyuma, ule ambao hakuna atakayeuona.

Ukumbini jana mshereheshaji alitangaza kwamba kabati hili limekatwa na baba mzazi, kwa mota ya hosipawa tano. Sijui nani alimwambia. Namjua aliyemwambia, ni mimi, kupitia Ferista, siku ya Alhamisi. Makofi. Nikapewa kipaza sauti. Eva alikuwa ananiangalia, na Lusajo alikuwa meza ya tatu, anafungua soda, haangalii kitu.

Nikasema asante. Nikasema maneno ya kawaida. Kisha nikasema kuwa jirani yangu Lusajo amenisaidia kidogo.

Lusajo akainua chupa. "Kidogo tu," akasema, ukumbi mzima ukasikia. "Mbili."

Watu hawakuelewa, wakacheka kwa sababu Tumpe alicheka. Tumpe alicheka mpaka akashika meza. Eva naye. Nikajikuta nimesema yote, kwenye kipaza sauti: kamba, matuta ya viazi, moshi, miguu miwili ya jirani. Mama mkwe wa Eva alifuta machozi kwa kitenge. Baadaye alilizunguka kabati lote, akafungua milango, akafunga, akafungua, akasema limesimama imara. Asubuhi ya leo limeondoka kwenda Itumba likiwa limefungwa blanketi, Eva amekaa mbele kwa dereva, anageuka kila mara kuliangalia.

Aida amepita mchana kuchukua mota iliyoungua, ataisuka upya. Amerudia ushauri wake wa kwanza, neno kwa neno. Lusajo ameniambia msumeno wake uko wazi kwangu siku yoyote. Tumpe amesema mbuzi anaweza kurudi kwake.

Nimewasikiliza wote watatu kwa makini, na nimeona tatizo lilipokuwa. Halikuwa mota. Lilikuwa umeme. Nina fomu hapa ya kuomba kuunganishiwa fezi tatu, nimeijaza kwa herufi kubwa, nimesaini, kesho naipeleka. Penye "matumizi yanayokusudiwa" nimefikiri kwa muda mrefu kidogo. Nimeandika: kabati.