Prezida wa Matuta

Jumatatu, 1 Machi 1993
Miezi mitano kampuni ya mgodi haijatupa hata kilo ya unga. Sasa Kolwezi yote, makarani na mafundi, tumekuwa wakulima. Mahindi yangu yanafika gotini. Ya jirani yangu, Tata Tshibangu, yamepita paa! Nimuulize anafanyaje? Mi, karani wa miaka kumi na tisa kazini? Hapana! Nimeanzisha kikundi cha kufundishana kilimo. Yeye atafundisha wote, mi nitasikia bila kuuliza. Prezida ni mi.

Jumatano, 3 Machi
Wamekuja kumi na wanne, kofia za mgodi kichwani. Kila mtu aliuliza anasaini wapi. Nikatoa karatasi, mistari nimeipiga mwenyewe. Wakasaini, wakakaa chini kungoja shefu wa zamu aje kuwagawia kazi. Mpaka saa sita! Aliyeshika jembe ni Tshibangu tu. Anapenda kujionyesha.

Ijumaa, 5 Machi
Tshibangu kafundisha: majani usichome, yafukie ndani ya tuta, yaoze wiki tatu, ndipo upande. Nikapinga. Tuta lenye takataka tumboni ni aibu kwa kikundi! Watu wakacheka, wakamfuata yeye. Mke wangu Mbuyu pia! Jioni Tshibangu akaniletea mahindi ya kuchemsha. Nimekula kwa hasira. Nimeongeza.

Jumatatu, 8 Machi
Mambo mabaya. Vijana wanapita wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Tshibangu kazaliwa hapa, baba yake ndiye aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba! Nikapata akili. Nikaandika barua: huyu ni mwalimu wa lazima, haondoki kabla ya mavuno. Nikasaini mara mbili. Mkubwa mmoja ofisini akaisoma, akaniuliza kama na mi nataka nafasi kwenye treni ya kuwarudisha Kasai. Nilitoka mbio, nikaacha kofia.

Alhamisi, 11 Machi
Stesheni. Tshibangu na mkewe, mama Ernestine, wamekaa juu ya mbao za kitanda chao na batoto wanne, siku ya pili sasa. Mbuyu kawapelekea bukari, ugali wa moto na mboga. Nikamwambia Tshibangu ajifiche jikoni kwangu. Akasema jiko langu halitoshi hata sufuria. Shamba lake jipya, lile alilokwisha kukata majani, kaniachia nilitunze. Akanishika mkono: usichome, fukia, ngoja wiki tatu. Akataka nirudie. Nikarudia mara mbili, machozi yakinitoka. Akasema nalia vizuri kuliko ninavyolima. Ee Mungu, nampenda mtu huyu! Nilitaka kumwambia. Treni ikaja, watu wakasukumana, nikabaki nimeshika hewa.

Jumamosi, 20 Machi
Kikundi shambani kwa Tshibangu. Nimefundisha mwenyewe, kwa heshima yake. Mbuyu akanikumbusha habari ya majani. Nikamjibu somo nalijua kwa kichwa, nilirudia mara mbili! Lakini mtu anarudi kutoka mbali, akute shamba lake limejaa takataka? Haiwezekani! Nimechoma yote, mpaka jani la mwisho. Maharagwe tumepanda papo hapo, majivu bado ya moto. Safi kabisa! Siku akirudi, atanishukuru.