Bingwa Mtetezi Bado Anasubiri Ratiba

Ndugu Katibu wa Chama cha Soka,

Heshima zako zitangulie. Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha kinyozi, chini ya picha ya timu yetu iliyotwaa Kombe la Taifa msimu wake wa pili, ambao kwa bahati mbaya ndio uliokuwa wa mwisho. Mimi ndiye yule nahodha aliyeshika kombe, mwenye nywele nyingi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu chenu kipya cha historia ya soka, nilicholetewa na shemeji yangu ambaye ni dereva wako, kimelipatia kombe letu sentensi moja: "Halikudumu." Uzio wa ofisi yenu umepewa ukurasa mzima na picha ya rangi. Hongereni. Ni uzio mzuri, na haujawahi kufungwa bao.

2. Hamkulifuta kombe. Mlitangaza redioni kwamba limesimamishwa kwa muda mpaka apatikane mfadhili. Sisi tukatii. Hakuna timu iliyotuvua ubingwa, kwa sababu hamkuleta timu. Golikipa wetu amekuwa babu akisubiri ratiba.

3. Kwa hiyo wote mliowavisha medali za ligi baada yetu wanakaimu tu. Wazirudishe, au angalau waje kibandani tupige picha. Kunyolewa watalipia.

4. Vijana wananicheka. Juzi mteja mmoja aliitazama ile picha, akaniuliza, "Mzee, hii ni kwaya gani?" Nilimmalizia nywele, lakini iliniuma, Ndugu Katibu, iliniuma sana. Basi sitaki tena kuongezewa sentensi. Nataka kombe lirudi uwanjani, na bingwa mtetezi afungue dimba kama kanuni zenu zinavyosema.

Nisalimie wajumbe wote, mhazini, na mlinzi wa ule uzio.

Ni mimi, nahodha wako mtiifu,
Bingwa Mtetezi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shemeji amefika. Kumbe mdomo wake hauna breki: alikueleza malalamiko yangu njiani, nawe umeyakubali. Mfadhili yupo, na Jumamosi tunafungua dimba na mabingwa wa ligi, wale vijana wanaokimbia utadhani wanafukuzwa. Nimewapigia wenzangu simu. Winga anatembelea fimbo, beki ana presha, na golikipa kaniuliza kama mpira siku hizi ni mkubwa kidogo. Ndugu Katibu, ile sentensi moja inatosha, tena imeandikwa vizuri sana. Endeleeni kulisimamisha kwa muda. Niacheni nizikwe na ubingwa wangu.