Pasi Kumi na Moja za Shemeji

Alhamisi, 6 Juni

Kesho timu ya taifa ya mpira wa kikapu inacheza na wageni, na Jumapili wanarudiana. Baada ya hapo kocha anataja wachezaji kumi na wawili wa kusafiri kwenda mashindanoni. Mimi niko mezani kando ya uwanja, upande wa takwimu. Mchana nasaga lenzi za miwani, jioni ya mechi naona kila kitu: nani kafunga, nani kadaka ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, nani kapoteza mpira. Natazama na kutaja, Dada wa Kompyuta anachapa. Mimi macho, yeye vidole. Anadhani vidole ndiyo kazi.

Leo mama mkwe mtarajiwa aliniita kwake. Mwanawe, kaka wa mchumba wangu, ndiye namba kumi na nne wa timu. Tunamwita Ngazi kwa urefu wake. Mama kaziona takwimu za mechi zilizopita kwenye simu. Mstari wa Ngazi ni sifuri zimepangwa kama mayai kwenye trei. Majirani wanauliza mtoto huwa anakwenda uwanjani kufanya nini. Mama akasema Ngazi akiachwa safari hii, yeye hatakuwa na moyo wa kupanga harusi ya mtu huku mwanawe mwingine kajifungia chumbani. Kisha akanitazama sana, akauliza kwani anayeziandika si mimi.

Nikamwambia aniachie mimi. Mchumba akanikanyaga mguu chini ya meza. Furaha hiyo!

Ijumaa, 7 Juni

Mpango mzuri huwa mwepesi. Pointi huwezi kumzulia mtu, zinaonekana ubaoni. Lakini pasi ya mwisho, ile inayozaa kikapu, ni jambo la maoni. Inategemea umekaa wapi. Mimi leo nilikaa upande wa Ngazi.

Kila kikapu chetu kikiingia, nilitaja pasi kwa kumi na nne. Dada akauliza mbona mpira umetoka kwa kapteni. Nikamwambia ulipitia. Akauliza ulipitia wapi. Nikamwambia achape, mechi haimsubiri mtu.

Robo ya tatu mambo yakanoga, nikajisahau. Kikapu safi, nikataja kumi na nne. Dada akanionyesha kwa kidevu. Kumi na nne alikuwa benchi, taulo kichwani, anakunywa maji. Mashine nayo ikagoma kumpokea. Nikasema nilimaanisha kumi na tano. Kumi na tano alikuwa benchi pia, pembeni yake, anasubiri chupa. Ikabidi pasi ile apewe kapteni. Roho iliniuma.

Tumeshinda. Ngazi: pasi kumi na moja. Kapteni, aliyebeba mpira mechi nzima: mbili. Kazi imekwisha kabla hata ya Jumapili.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kaisambaza karatasi ya takwimu kwa ukoo mzima. Ameniita mwanangu kabla sijavua viatu. Nikapewa kiti chenye mto.

Mchumba peke yake hakucheka. Alikuwepo uwanjani, akataka kujua kaka yake alitoa saa ngapi pasi zote hizo. Nikamweleza kwamba jicho la kawaida halioni pasi, linaona mpira tu. Akasema kama ni hivyo, basi tutazungumza vizuri baadaye. Sipendi anavyotamka neno vizuri.

Jioni Ngazi akapiga simu. Kocha kaisoma karatasi. Kamwambia kumbe siku zote amekuwa akimtumia vibaya, kesho kapteni atapumzika na yeye ndiye atakayeongoza mpira. Ngazi hajawahi kuongoza mpira maishani. Kazi yake ni kusimama kama ukuta njiani mwa adui ili wenzake wapite. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. Akauliza kama hakukuwa na makosa mahali, maana yeye anakumbuka pasi mbili. Nikamwambia wachezaji wakubwa huwa hawahesabu. Kisha akanishukuru.

Shukrani ile imenikaa vibaya. Nimekunywa maji, haijashuka.

Jumapili, 9 Juni

Laiti mvua ingenyesha ndani ya ukumbi.

Ngazi anadunda mpira juu, usawa wa kifua, huku akiutazama kama mtu anayehofia utamwagika. Wageni wana mchezaji mmoja mfupi, mwepesi. Alikuwa akiuchukua mpira mikononi mwa Ngazi kama anaanua nguo. Kwenda, kurudi, kwenda. Nilifanya nililoweza. Mpira wa kwanza kupotea nikautaja kwa namba nane, kwa kuwa alikuwa karibu. Wa pili kwa namba sita, kwa kuwa hakuwa tayari kupokea. Wa tatu nikautaja kwa kapteni.

Dada akaondoa vidole kwenye kompyuta, akakunja mikono. Akasema kapteni amekaa benchi tangu mechi ianze na kwamba yeye ana watoto wa kulea, hatafukuzwa kwa ajili ya ukwe wangu. Kuanzia hapo akawa anatazama mwenyewe na kuchapa mwenyewe. Nikabaki nimekaa na kalamu.

Tumefungwa vibaya. Mashabiki wa nyuma yetu walimwita Ngazi majina ambayo siyaandiki hapa. Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio. Ngazi alitoka ameinamisha kichwa hadi nikamwona mfupi. Nilitamani kumkimbilia, lakini ningemwambia nini?

Jumatatu, 10 Juni

Majina yametoka. Ngazi hayumo.

Alikuja kazini kwangu mchana, akainama mlangoni, akakaa kwenye kiti cha wateja cha kupimia macho. Alinieleza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Kocha kamwambia jina lake lilikuwemo tangu kabla ya Ijumaa. Alikuwa amechaguliwa kwa ajili ya ule ukuta wake, kazi ambayo haina safu kwenye karatasi yetu. Lakini baada ya jana kocha hajui tena yeye ni mchezaji wa aina gani.

Akaniuliza kama pasi zile ni mimi. Nikasema nilifanya kwa ajili yake. Akasema, basi hukuniamini.

Miaka yote nimemtazama mtu huyu akipigwa viwiko ili wenzake wafunge, nami nikiona sifuri tu. Nimeona haya kweli. Nilivunja lenzi mbili baada ya yeye kuondoka.

Jumatano, 12 Juni

Amerudishwa! Alimwendea kocha mwenyewe, akamwambia pasi zile si zake. Kocha akaitazama upya mechi ya Ijumaa kwenye video, akauona ukuta, akamrudisha mahali pake. Mama mkwe amelia kwa furaha na kunipongeza mimi. Nilitaka kumsahihisha. Mchumba akasema niache, atanisahihisha yeye, kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo harusi ipo.

Mkuu wa meza naye aliniita, maana Dada alishamweleza kila kitu. Alisema angenifukuza kama watu wa kujitolea wasingekuwa wachache. Ameniondoa kwenye takwimu, amenipeleka kwenye ile saa ya sekunde ishirini na nne. Timu ikishika mpira ni lazima irushe kabla saa haijalia, vinginevyo inanyang'anywa. Akasema huko hakuna maoni, kuna kubonyeza tu.

Jioni Ngazi alipita kuniaga. Akanishika bega, akaniomba, tafadhali shemeji, nisimsaidie tena. Machozi yalinilengalenga. Nikaapa mbele ya dada yake kwamba sitagusa takwimu zake maisha yangu yote, na nilimaanisha.

Nimekaa sasa namfikiria. Mtu mzito yule. Mpaka afike, asimame, wenzake wapite, muda unakuwa umekwenda. Wanamharakisha bure. Kidole kikichelewa kubonyeza kidogo tu, sekunde moja, mbili hivi, nani atajua? Na saa si takwimu.