Kamati ya Kizazi Changu

Kitangari, Newala,
Jumapili.

Kwa Mheshimiwa Mjomba Fakihi,
Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kizazi Changu,
Lisekese, Masasi.

Shikamoo Mjomba.

YAH: KUKUKABIDHI RASMI UGONJWA WANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wa mkeo Mama Anwari umepungua kuvimba. Mimi sijambo, ukiliacha lile ambalo kikao chako kiliamua liitwe "lile jambo".

Barua rasmi hutakiwa kueleza chanzo cha shauri, hivyo niruhusu nikukumbushe, ingawa katika shauri hili wewe ulikuwepo kuliko nilivyokuwepo mimi. Ni mimi mpwa wako Sikudhani, umri miaka arobaini na miwili, mke wa Khalidi, mama wa watoto wanne. Wakati mikorosho inapuliziwa dawa nilianza kutokwa na damu isiyofuata mwezi. Nesi Yasinta wa zahanati yetu alinipima, uso wake ukabadilika, akaniandikia karatasi niende hospitali. Huko wakachukua kipande kidogo cha nyama wakakipeleka kupimwa. Wakasema nirudi baada ya wiki tatu, nije na ndugu. Ndugu huyo ulikuwa wewe, na malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Daktari aliniuliza, "Mama, una miaka mingapi?" Ukajibu wewe, "Huyu ana thelathini na nane." Nakushukuru kwa minne uliyonipunguzia. Akaniuliza, "Umezaa mara ngapi?" Ukajibu, "Watatu." Niliporudi nyumbani nilimtafuta huyo wa nne, nikamkuta barazani anakula ming'oko, hana habari kwamba amefutwa. Akauliza, "Damu ilianza lini?" Hapo ulikohoa, ukatazama dari, ukasema, "Juzi juzi tu." Ilikuwa miezi mitano.

Simlaumu sana daktari. Ni kijana, na mbele yake aliona mzee mwenye kofia ya darizi anayejua kila kitu. Akakigeuza kiti chake akakuelekea wewe, mimi nikabaki natazamana na ubavu wake. Mlizungumza kama dakika kumi. Nilisikia "mlango", nikasikia "hatua", nikadhani mnauziana nyumba. Mwisho ukasimama ukasema, "Tumeelewa, daktari. Tunakwenda kushauriana." Tuliotoka mle ndani ni wawili, Mjomba. Aliyeelewa ni mmoja.

2. Tulipofika nje nilikuuliza, "Mjomba, amesemaje?" Ukaniambia, "Kauvimbe kadogo. Kula vizuri, usinyanyue ndoo."

Basi kwa siku tisa niliishi na kauvimbe kangu. Nilikalisha kisamvu cha karanga. Nilikapumzisha mchana. Ndoo akawa anabeba Khalidi, na majirani walimcheka mpaka akazoea. Siku ya kumi nikampelekea Nesi Yasinta zile karatasi anisomee, maana zimeandikwa Kiingereza. Alifunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Mama Rukaiya, hii ni saratani ya mlango wa kizazi. Hawakukwambia?"

Nikamjibu, "Waliambiwa wenye kizazi."

Pale kwake sikulia. Nililia kisimani. Foleni ya maji ya Kitangari unaijua, humpa mtu muda wa kutosha, na kila aliyeniona alidhani nalilia maji.

3. Kosa langu kubwa, ambalo nalikiri mbele ya kamati, ni daftari. Nesi Yasinta alinipa daftari la shule lenye kurasa chache zilizobaki. Akaniambia, "Daktari ana watu wengi. Ukiingia bila kuandika, utatoka na maswali yako yote kama ulivyoingia nayo. Andika kila linalokuja kichwani. Lile la aibu ndilo usiliache."

Nilitumia siku tatu. Kichwa cha mtu aliyeambiwa saratani hakikai, Mjomba. Unaandika nusu ya swali, unakwenda kutazama mbaazi jikoni, ukirudi unaona mwandiko kama wa mtu mwingine. Mwisho wake nilipata maswali tisa: Ugonjwa umefika hatua ya ngapi? Umeshakwenda kwingine mwilini? Tiba yake ni operesheni, mionzi au dawa? Kama tiba ni zaidi ya moja, nani anachagua? Nitaweza kulala na mume wangu tena? Binti zangu wafanye nini wasipate? Je, nimejiletea mwenyewe? Nikisubiri, itakuwaje? Na la tisa: nitapona?

Sikujua kwamba kuandika maswali ni utovu wa adabu. Nilijua nilipoitwa Lisekese, nije na daftari.

4. Kikao kilikuwa na watu kumi na mmoja, wanane wakiwa wanaume. Khalidi, mume wangu kwa miaka ishirini na miwili, uliagiza akae nje kwa kuwa ni mkwe, na habari za kizazi si za kusikilizwa na mwanaume mgeni. Wale wanane walibaki ndani. Bila shaka wao si wageni wa kizazi changu.

Ukalisoma daftari langu kwa sauti. Swali la tano ulilisoma kimoyomoyo, ukakunja ukurasa, ukampa Mzee Abdulrazaki. Yeye alilisoma mara mbili, kwa usalama. Likafutwa kwa ajili ya heshima ya ukoo. La binti zangu likafutwa kwa sababu nawachuria watoto. La kusubiri mkaligeuza: badala ya kuuliza nikisubiri itakuwaje, niulize kama inaweza kusubiri mpaka korosho ziishe kuokotwa. Na lile la tisa ukaliwekea mstari mwenyewe, ukasema, "Sikudhani, hilo ni la Mungu. Usimtie daktari kwenye kazi isiyo yake."

Nafasi zilizobaki hazikukaa tupu. Mzee Abdulrazaki aliomba niulizie ngiri yake, akaeleza inavyoshuka akiinama. Mtu mwingine akataka kujua kama macho yanayotoa machozi ni presha. Ikatakiwa pia nichunguze daktari ni mtu wa wapi na baba yake ni nani. Tulipofunga kikao kwa dua, maswali yalikuwa kumi na saba. Yangu yalikuwa sita, na moja kati yake sasa lilihusu korosho.

5. Hili ni fupi. Mama mdogo Furaha ndiye aliyekuwa kungwi wangu unyagoni. Alinifundisha mwili wangu wote, kwa nyimbo ambazo nikiziandika hapa mwenye kuibeba barua hii atateketea. Ndiye huyo huyo aliyesimama kikaoni akasema kutaja mlango wa kizazi mbele ya daktari ni kumvunjia mtoto wa watu heshima. Naomba kamati initafutie unyago mwingine, wa kufundwa kunyamaza, maana ule wa kwanza nilifaulu vibaya.

6. Lalamiko hili sina kejeli nalo, utanisamehe.

Baada ya kikao nilibaki kumsaidia Mama Anwari kuosha vyombo. Nikamwuliza, "Hivi mama yangu alikufa kwa nini?" Alisugua sufuria ile ile muda mrefu. Kisha akasema, "Ni hiyo hiyo yako. Mjomba wako aliambiwa."

Mama yangu, dada yako Somoe. Ulikwenda naye hospitali, ukarudi naye ukasema ni tumbo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimkanda tumbo kwa maji ya moto miezi saba. Alikufa akiwa ametenga mbegu za mbaazi, kwa kuwa alijua mvua zikinyesha atapanda. Sijui kama alikuwa na neno la kuniachia. Hakuna aliyemwambia kwamba wakati wa maneno umefika.

Mama Anwari anasema wewe ulikuwa ukienda shambani peke yako unakaa chini ya mikorosho bila jembe. Nakuamini kwamba ulimpenda. Nakuamini kwamba ulitaka kuubeba ugonjwa wewe ili yeye asiubebe. Lakini aliubeba, Mjomba. Wewe ulibeba jina la ugonjwa tu.

Hivyo basi, baada ya kutafakari, nimeona kamati iko sahihi, na mimi ndiye ninayeingilia. Mwenye majibu ndiye mwenye ugonjwa. Kwa barua hii nakukabidhi ugonjwa huu pamoja na haki na wajibu wake wote, kama ifuatavyo. Utapanda kwenye kile kitanda chao na kuweka miguu kwenye vile vyuma viwili, mmoja huku mwingine kule, na daktari akikwambia "legeza, baba", utalegeza. Utalazwa chini ya mashine ya mionzi. Utatundikiwa dripu, na kama nywele zitanyonyoka hasara itakuwa ndogo, upara ulishaanza kazi hiyo. Wakikuuliza damu imeanza lini, jibu unalo. Khalidi naye nimemwarifu kwamba kuanzia sasa mambo yote ya swali la tano ayapeleke Lisekese.

Iwapo makabidhiano haya yana ugumu wowote kwako, basi sina budi kuendelea na ugonjwa mimi mwenyewe. Katika hali hiyo, Jumanne nakwenda kwa daktari na maswali yangu tisa. Sitaki mjomba, sitaki mama mdogo, sitaki mjumbe wala mwangalizi. Hata Khalidi atakaa kwenye benchi la nje. Kuanzia leo hakuna mtu chini ya jua atakayesema na daktari kwa niaba yangu, hata nikiwa nimezirai. Nikizirai, wanisubiri nizinduke.

Nisalimie Mama Anwari na Anwari mwenyewe. Nisalimie wajumbe wote kwa vyeo vyao. Mzee Abdulrazaki mwambie ngiri ina dirisha lake hospitalini, na wanampokea mtu akienda na miguu yake. Mama mdogo Furaha nitamwamkia mwenyewe nikipoa.

Ni mimi mpwa wako, mtiifu kuliko inavyonifaa,

Sikudhani binti Somoe,
mwenye kizazi.

Nyongeza, Jumatano.

Barua haikuondoka Jumapili, aliyekuwa aibebe alipata msiba Chiwata. Jana nilikwenda. Daktari ni yule yule. Alianza kuchungulia nyuma yangu kama anakutafuta, nikamwambia, "Daktari, leo mgonjwa ni mimi." Akakisogeza kiti.

Niliuliza kwa mpangilio, naye alijibu kwa mpangilio. Ni hatua ya pili. Haujakwenda mbali. Hawatafanya operesheni. Ni mionzi, wiki tano hivi au zaidi kidogo, na dripu mara moja kwa wiki, Dar es Salaam. Njia hii ndiyo anayoishauri, lakini wa kukubali ni mimi. La tano alilijibu bila kupepesa macho: itabidi kupumzika kwanza, mwili unaweza kukauka, kuna njia za kusaidia, na mambo hurudi polepole. Rukaiya aje apimwe, wadogo zake wapate chanjo. Kuhusu kujiletea, alisema, "Hukukosea kitu, mama," na hapo nilihitaji kutazama dirishani kidogo. Korosho haziwezi kusubiriwa.

Nilipofika la tisa, Mjomba, sauti ilikataa. Nilikuwa nimeliandika kwa herufi kubwa na bado sikuweza kulisoma. Nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Nikainuka nikafungua mlango nikamwita Khalidi, nikamwonyesha swali kwa kidole. Yule bwana asiyesema alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akauliza, "Daktari, mke wangu atapona?"

Daktari akasema, "Siwezi kuwaapia. Lakini kwa hatua hii wengi wanapona, wakianza mapema na wasipokatiza. Tunaanza tukiwa na matumaini."

Kisha akaja nesi na fomu. Mahali pamoja wanataka jina la ndugu wa kwenda na mgonjwa, atakayezungumza na madaktari iwapo mgonjwa mwenyewe hawezi. Khalidi anabaki na watoto na shamba, na isitoshe akiona sindano anaanguka. Nesi aliniuliza mara mbili. Nilitafuta jina jingine, nakwambia kweli, nilipita ukoo mzima mpaka wa upande wa pili wa Newala. Niliona ni nani atakayekaa wiki tano kwenye benchi bila kuchoka, na ni nani nesi wa Dar es Salaam hatathubutu kumwambia arudi kesho.

Nimeandika: Fakihi, mjomba.

Basi linaondoka Jumamosi asubuhi. Njoo Ijumaa. Beba shuka na blanketi, wanasema wasindikizaji hulala chini.